Umegeuza Ndai Kuwa Keja ya Tripu? Chanuka na Hizi Vitu Kabla Ulipie Bima

Kuna picha moja iko kwa simu yangu mpaka leo. Ni Noah ya silva, mlango wa nyuma uko wazi, kitanda kimetandikwa shuka nyeupe, taa ndogo za sola zinawaka, na huko nyuma jua linazama Magadi. Mimi ndio niliipiga. Hata maneno ya chini ya picha niliandika mimi. Boy wangu aliiposti WhatsApp Jumatatu, na kufika Jumatano kapo ya kwanza ilikuwa ishatuma doh: thao sita usiku mmoja.

Wikendi ya tatu, ile Noah ilibingirika mbele kidogo ya Corner Baridi. Hakuna mtu alikufa, asante Mungu. Wale wawili walitoka na mikwaruzo na mmoja akafungwa mkono. Lakini ndai ilibaki vyuma vya kuuziwa watu wa skrapu.

Boy wangu hakushtuka sana. Alikuwa na bima kubwa, ile komprehensivu, na alikuwa amelipa mwaka mzima. Hata alinicheka nikiwa na wasiwasi. "Buda, hiyo ni shida ya kampuni."

Baada ya wiki tano barua ikakuja. Ilikuwa na aya mbili tu. Ya kwanza: gari ilikatiwa bima ya matumizi binafsi, na siku ya ajali ilikuwa imekodishwa. Ya pili: gari ilikuwa imebadilishwa ndani bila kampuni kuambiwa. Kwa hivyo hakuna malipo. Loni ya sacco aliyojengea hiyo ndai bado analipa, na ndai haiko.

Mimi kampasi sikumaliza, wakili si mimi, na bima siuzi. Lakini ule mkataba wake nilikaa chini nikausoma kurasa zote, kitu sisi wawili tulifaa kufanya kabla ya ile picha. Kitu kimoja nilitoka nacho ndio hiki: kampuni ya bima haikulipii gari uliyo nayo. Inakulipia gari iliyoandikwa kwa karatasi, ikitumika venye karatasi inasema. Kwa hivyo ukitafuta kampuni ya kukatia kempa yako bima, swali la kwanza ni "nani atakubali kuandika gari yangu venye iko?" Bei inafuata baadaye.

Siku hizi wasee wengi wako kwa hii form. Wengine wametoa viti vya Noah ama Voxy wakaweka kitanda. Wengine wako na HiAce yenye jikoni, wengine Land Cruiser yenye hema juu, na kuna wale wa Probox yenye godoro nyuma, nawaheshimu sana. Kama uko kwa hiyo mbogi, ama unapiga hesabu ya kuingia, soma hadi chini.

Kwanza, ujue unanunua nini

Kenya huwezi toa gari kwa barabara bila bima ya thadi pati. Hiyo ni sheria, iko kwa Sura ya 405 ya sheria za nchi. Ukipatwa bila hiyo, wewe na karao mna maneno.

Lakini thadi pati inalinda yule mtu mwingine. Ukigonga msee, ama ukiharibu gari ya wenyewe, bima inasimama kwa niaba yako. Hata hapo kuna mwisho: kwa mtu aliyeumia ama kufariki, sheria imeweka kikomo cha KSh milioni 3 kwa kila mtu. Korti ikiamua zaidi ya hapo, kinachobaki kinaweza kukurudia.

Gari yako mwenyewe, kitanda chako, friji yako, hizo zote thadi pati haizijui. Ndai ikiungua Naivasha ukichemsha chai, pole ni yako.

Katikati kuna ile ya thadi pati pamoja na moto na wizi. Si mbaya kwa gari ya zamani. Na juu kabisa kuna komprehensivu, ambayo inalinda wengine na pia gari yako ikigongwa, ikianguka, ikiungua ama ikiibiwa.

Hapa kuna ka-shida. Kampuni nyingi hazipendi kupea gari iliyozeeka komprehensivu. Nyingi zinakata kwa miaka 15 tangu gari itengenezwe, zingine hata 12. Na kempa nyingi za mtaa ni ndai za zamani, ju ukinunua mpya hautabaki na doh ya kuijenga. Kwa hivyo kabla ya kumwaga laki nne kwa mbao na sola, uliza kama kuna kampuni itachukua hiyo gari kwa umri wake. Usijenge kwanza ndio uulize.

Gari iliyo kwa logibuku na gari iliyo nje ni moja?

Angalia logibuku yako. Inasema gari ni aina gani, rangi gani, na inabeba watu wangapi. Kama inasema watu wanane na saa hii ndani kuna viti viwili na kitanda, umebadilisha gari. Kama uliipaka rangi ya jangwa ndio itoke fiti kwa picha, pia umeibadilisha.

Mabadiliko kama hayo yanafaa kufika NTSA, na gari ikaguliwe ndio rekodi ibadilishwe. Najua ni foleni na ni doh. Lakini siku ya ajali, mkaguzi wa bima atakuja na nakala ya logibuku mkononi, na kitu cha kwanza atafanya ni kulinganisha.

Baada ya NTSA, ambia kampuni ya bima. Usiseme kwa simu peke yake, andika. Orodhesha kila kitu umeongeza: kitanda, kabati, betri, paneli za sola, inveta, friji, tangi la maji, meko ya gesi, hema la juu. Weka bei, risiti na picha.

Meko na betri usifiche, tafadhali. Wasee wengi huona afadhali wanyamaze ndio kampuni isiongeze bei. Lakini moto ukitokea, mchunguzi ataona mtungi wa gesi. Ukisema mapema, kampuni inaweza kukuambia uweke kizima moto na waya zifungwe na fundi anayejua kazi. Hayo ni masharti unaweza kuishi nayo. Kukatazwa malipo yote huwezi.

Na kama yako ni ile trela ya kuvutwa nyuma, usidhani bima ya gari inayovuta inaibeba moja kwa moja. Trela Kenya ina usajili wake na namba yake inayoanza na Z. Hakikisha imetajwa kwa mkataba, ama ikatiwe yake.

Hesabu ya gari na hesabu ya ndani

Hapa ndio wengi hupigwa bila kujua.

Sema Noah yako ni KSh 1,200,000. Ukaweka vitu vya ndani vya KSh 400,000. Jumla ni KSh 1,600,000. Sasa ukikata bima unaandika 1,200,000 ju unataka kulipa kidogo.

Ukipata ajali, fundi akasema kurekebisha ni KSh 400,000. Unafikiria utalipwa yote? Mikataba mingine iko na kifungu kinachosema: kama uliandika bei ndogo kuliko thamani ya kweli, kampuni inalipa kwa ile sehemu uliyoikatia bima pekee. 1,200,000 ni robo tatu ya 1,600,000. Kwa hivyo unapata KSh 300,000, na laki moja unajipangia.

Na usijaribu kuwa mjanja upande ule mwingine. Ukiandika milioni 2 kwa gari ya milioni 1.6, gari ikiisha kabisa, kampuni inalipa bei ya soko ya siku hiyo. Zile doh za juu ulilipa bure.

Njia safi ni kupeleka ndai kwa mtu anayekadiria bei za magari. Kampuni nyingi zitakutuma kwa mkadiriaji wao, na AA Kenya pia hufanya hiyo kazi. Ukifika pale, fungua milango yote. Mwambie aandike vitu vya ndani vikiwa pembeni, kila kimoja na bei yake. Ripoti ikisema "Toyota Noah, hali nzuri" na ikaishia hapo, friji na sola yako haziko duniani.

Kumbuka pia nguo, laptopu, kamera na simu si sehemu ya gari. Komprehensivu ya kawaida ama haizigusi, ama inazipea kiasi kidogo sana. Kama unabeba kamera ya laki mbili ukienda Maralal, ulizia bima yake kando.

Unatumia hiyo gari aje, kwa ukweli?

Hili ndilo lilimmaliza boy wangu.

Bima ya gari binafsi inamaanisha wewe na familia na mabeshte mnaenda zenu, hakuna mtu analipia. Siku unaikodisha, hata kama ni usiku mmoja kwa thao sita, hata kama ni beshte wa beshte, hiyo imekuwa biashara. Siku unabeba watu watano kwenda Turkana na kila mtu amechanga "ya mafuta" na wewe umebaki na faida, mkaguzi wa bima ana swali la kukuuliza. Na usidhani hawatajua. Kwa kesi ya boy wangu, tangazo lilikuwa WhatsApp na malipo yalipita M-Pesa. Mimi mwenyewe ndio niliwatengenezea ushahidi.

Kuna bima ya magari ya kukodisha. Ni ghali zaidi, na kampuni zingine zitataka uwe na biashara iliyosajiliwa, ama kifaa cha kufuatilia gari. Piga hesabu: kama pesa ya kukodisha haiwezi kulipa hiyo bima, basi hiyo biashara haijaanza kuingiza chochote. Ilikuwa inakula gari yako polepole.

Kama unaishi ndani ya gari wiki nzima, ju umehama keja, sema pia. Si kila kampuni itafurahi, lakini ile itakubali ndio kampuni yako.

Ile doh utatoa mfukoni kabla wao watoe yao

Inaitwa eksesi. Kila dai lina sehemu yako. Mtu akikuuzia bima akakuambia bei tu bila eksesi, amekuonyesha nusu ya kitu.

Mfano: mkataba unaweza kusema eksesi ni asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Kwa ndai ya 1,600,000 hiyo ni KSh 40,000. Kwa hivyo ukikwaruza mlango na fundi anataka thao thelathini, hakuna mahali unaenda. Hiyo ni yako yote.

Wizi huwa na eksesi kubwa zaidi. Ni kawaida kukuta asilimia 10 kama gari ina kifaa cha kuifuatilia, na 20 kama haina. Kwa hiyo gari yetu, 10 ni KSh 160,000 na 20 ni KSh 320,000. Hapo tayari unaona kile kifaa kimejilipa.

Na hii ni yetu sisi vijana: kampuni nyingi huongeza eksesi kama dere ako chini ya miaka 25 ama leseni yake bado ni changa. Kama mnapokezana usukani njiani, na mdogo wa mbogi ndio alikuwa anaendesha usiku karibu na Marsabit, hiyo eksesi inapanda. Uliza mapema, na muamue nani anashika usukani.

Kuna nyongeza unaweza kununua ili eksesi ya ajali iondolewe. Huwa ni asilimia ndogo ya thamani ya gari. Kwa kempa, mimi ningelipa.

Nyongeza gani zina maana kwa mtu wa tripu?

Si zote. Lakini hizi uliza moja moja:

*Vurugu za kisiasa na ugaidi.* Mara nyingi hii huuzwa kando. Wale walikuwa na magari katikati ya jiji tarehe 25 Juni 2024 wanajua kwa nini inaulizwa. Ukipitia maeneo ya mpakani ama yenye ujambazi wa mifugo, uliza kwa majina ya hizo sehemu.

*Mafuriko.* Tulionyeshwa Aprili 2024 maji yanaweza fanya nini, na Mai Mahiu ilituumiza roho. Uliza kama mafuriko yako ndani ya mkataba. Pia ujue gari ikisombwa ikiwa imepaki ni tofauti na wewe kuona mto umefurika ukasema "tutapita tu". Hiyo ya pili utabishana nayo sana.

*Kuvutwa na kuokolewa.* Mikataba mingi ina kiasi fulani, mara nyingi makumi machache ya maelfu. Kutoka Ngong Road hadi gereji inatosha. Kutoka Chalbi gari ikiwa imezama kwa mchanga, haitoshi hata kidogo. Uliza kikomo, na uliza kama wanafika nje ya lami.

*Kuharibika kwa injini.* Hii bima haibebi. Gia boksi ikikufia Loiyangalani bila ajali, hiyo ni wewe na fundi. Ukiambiwa ati komprehensivu "inacover kila kitu", ondoka hapo.

*Vioo na redio.* Kuna kiasi cha bure, lakini HiAce yenye madirisha makubwa ya kuongezwa inaweza kupita hicho kiasi kwa jiwe moja.

Ukivuka boda

Stika ya Kenya inaishia Kenya. Ukienda Jinja, Bunyonyi, Arusha ama Kigali, unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA. Unaitoa kwa kampuni yako ya bima kabla ya safari. Hapa Kenya mpango huo unasimamiwa na Kenya Re. Usishangae Tanzania kuwemo: ilitoka COMESA lakini kwa Kadi ya Njano ilibaki.

Lakini chunga. Kadi ya Njano inashughulika na watu wengine utakaowagonga huko, na matibabu ya dharura ya dere na abiria. Noah yako ikipondwa Mbarara, kadi hailipi Noah. Unafaa kuomba kampuni ikuongezee ile nchi kwa komprehensivu yako, kwa maandishi, kabla ya kufika Malaba. Kampuni ikikwambia haifanyi hivyo, na wewe Uganda unaenda kila Desemba, tafuta nyingine.

Sasa, unachagua kampuni aje?

Kwanza, leseni. Kila mwaka Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, hutoa orodha ya kampuni, mabroka na maajenti walioruhusiwa. Iko kwa tovuti yao. Kama jina halimo, hata wakikupea bei ya kutupa, hepa.

Pili, je, wanalipa? IRA pia huchapisha takwimu za kila robo mwaka kuonyesha kampuni gani inalipa madai na gani inalalamikiwa. Hizi ndizo kurasa hakuna ajenti atakuonyesha. Soma za robo mbili tatu, usiangalie moja tu.

Tatu, nguvu. Kampuni za bima huanguka. Blue Shield iliwekwa chini ya msimamizi mwaka wa 2011. Resolution ikafuata 2022, Xplico 2023. Kuna mfuko wa kufidia wateja wa kampuni zilizoanguka, na wewe huuchangia kwa kila bima unayolipa, lakini kikomo chake kimekuwa KSh 250,000. Kwa ndai ya milioni 1.6, hiyo ni ya kununua matairi na kulia. Ukiona bei iko chini sana kuliko wengine wote, jiulize watatoa wapi doh ya kulipa.

Nne, nani anakuuzia. Ajenti anafanya kazi ya kampuni. Broka anafaa kufanya kazi yako, na anaweza kuzungusha gari yako kwa kampuni kadhaa. Kwa Vitz ya kawaida, yeyote ni sawa. Kwa kempa iliyobadilishwa, mimi ningetafuta broka mwenye ashawahi kukatia magari ya safari, ju anajua nani hukubali na nani hukataa.

Tano, gereji. Uliza ni gereji gani wanatumia, na kama zinaweza kutengeneza vitu vya ndani. Gereji ya kunyoosha mabati haijui kurudisha kabati na waya za sola. Uliza kama unaweza kutumia fundi aliyekujengea.

Bei iwe ya mwisho. Komprehensivu huhesabiwa kwa asilimia ya thamani. Tuseme umepewa asilimia 4 kwa gari ya 1,600,000: hiyo ni KSh 64,000. Juu yake kuna ushuru wa mafunzo wa asilimia 0.2, mchango wa mfuko wa fidia wa asilimia 0.25, na stempu ya KSh 40. Jumla KSh 64,328. Ukiletewa hesabu iliyo na "gharama za ofisi" za ajabu ajabu, uliza ni za nini.

Tuma hii kwa watu watatu

Usipige simu. Tuma kwa barua pepe ama WhatsApp ndio majibu yabaki kwa maandishi. Badilisha mahali panahitajika:

"Habari. Niko na Toyota Noah ya mwaka (…). Nimetoa viti vya nyuma nikaweka kitanda, kabati, sola, betri, friji na meko ya gesi. Gari ni KSh (…), vitu vya ndani ni KSh (…). Naitumia kwa safari zangu binafsi (ama: naikodisha pia). Naendesha mimi wa miaka (…), na mwenzangu wa miaka (…). Huwa tunafika barabara za nje ya lami, na mara moja kwa mwaka Uganda. Je, 1) mtaandika haya mabadiliko kwa mkataba? 2) Eksesi ya ajali na ya wizi ni ngapi? 3) Mafuriko na vurugu ziko ndani? 4) Kuvutwa kikomo ni ngapi? 5) Naweza pata mkataba mzima nisome kabla ya kulipa?"

Atakayejibu maswali yote matano, weka mbele. Atakayekuambia "tuma ID na logibuku tumalizane leo", weka nyuma. Na atakayekataa kukupa mkataba kabla ya malipo, futa namba yake.

Ukishachagua

Lipa kwa namba ya kampuni yenyewe, usitume kwa simu ya ajenti hata kama ni binamu yako. Sheria ya bima Kenya inataka doh ifike kwanza ndio bima ianze. Ajenti akikaa na pesa yako wiki moja, hiyo wiki unaendesha bila chochote.

Stika siku hizi ni ya kidijitali na inaweza kuthibitishwa kwa mfumo wa AKI, chama cha kampuni za bima. Ithibitishe siku hiyo hiyo, ju stika feki bado ziko mtaani.

Ajali ikitokea, sheria inakupa saa 24 kuripoti polisi. Pata abstrakti. Piga picha kila upande, pamoja na ndani. Julisha kampuni siku hiyo, usingoje urudi Nairobi. Usikubali makosa pale barabarani na usianze kutengeneza gari kabla wao waione. Wakikataa kulipa, omba sababu kwa maandishi, halafu peleka malalamiko IRA. Si lazima uanze na wakili.

Boy wangu aliandika barua yake kwa kampuni, akajibiwa vile vile. Hakuwa na la kusema, ju kila kitu walichoandika kilikuwa kweli. Juzi alinunua gari nyingine, Voxy ya zamani. Bado haina hata godoro. Aliniletea mkataba nyumbani Jumapili, tukausoma pamoja kabla alipe, na ukurasa wa pili kumeandikwa kitanda, betri, sola, meko na "kukodisha kwa malipo". Ni ghali kuliko ile ya kwanza, karibu mara mbili.

Aliniuliza kama nitampigia picha ikiisha kujengwa. Nikamwambia sawa, lakini huo ukurasa wa pili ndio nitaupiga kwanza.